Nakala ya Manjano

Mimi ni karani wa meza. Sidundi, sirushi.
Kalamu mbili, nyekundu na nyeusi,
na karatasi ya mchezo, nakala tatu:
nyeupe ni ya wakubwa wa mashindano,
ya waridi hupewa aliyeshinda,
ya manjano humfuata aliyeshindwa hadi kwao.

Msimu huu Moshi tulikuwa na timu ya kimataifa.
Liandikwe hilo kabla ya pointi.
Njoro Kikapu, wanaume kumi na wawili:
mkoboa kahawa, walimu wawili, nesi wa zamu ya usiku,
fundi wa friji, na Kundaeli Urio
ambaye kila mlango wa mji huu umempiga pajini
na bado haiinamii milango,
anasema milango ndiyo mifupi.

Mama yangu anauza mshare sokoni Mbuyuni.
Nilimleta mazoezini, akatazama juu kwa muda.
"Kikapu gani hicho, hakina kitako?"
Ndicho hicho, mama. Kinachotiwa hakikai.
Akaguna.
"Basi wanaume wazima wanagombania kuvuja."

Bujumbura, Oktoba.
Ugenini meza si yangu; nilikaa nyuma ya benchi
na daftari la hesabu la mwanangu.
Pointi za wenyeji zilijaza ukurasa, zikageuza, zikajaza.
Tulizidiwa kwa arobaini na moja.
Njiani kurudi hakuna aliyezungumza mpaka Singida,
ambapo nesi aliuliza kama kuna mwenye chumvi,
kwa ajili ya yai.

Kisha vuli, na Kampala wakaja kwetu.
Mvua juu ya mabati ilimeza filimbi,
refa akawa anapunga mikono kama anayefukuza nyuki.
Robo ya tatu umeme ukakatika.
Dakika arobaini gizani, watu mia tatu,
tukinusa jasho, udongo na karanga za kukaanga,
na mtu mmoja akiudunda mpira taratibu
ili tujue bado upo.

Taa ziliporudi Kundaeli alifanya faulo ya tano.
Nilimwandikia mwenyewe. Hakunitazama.
Sitini na nane kwa sitini na nane,
sekunde mbili, mitupo miwili,
na kwenye mstari Elinami Lyatuu,
miaka thelathini na sita, goti limefungwa bendeji,
vumbi la maganda ya kahawa bado kwenye nyusi.

Wa kwanza ukagonga chuma.
Wa pili ukazunguka mdomo wa kikapu,
ukazunguka,
kama mgeni anayetafuta pa kubishia hodi,
ukavuja.

Niliandika sitini na tisa.
Mkono ulinicheza. Tisa ile ililala ubavu,
namba pekee kwenye karatasi nzima isiyonyooka.
Nikachana ya waridi nikampa nahodha.

Zilizofuata ni manjano. Lusaka, manjano.
Lubumbashi, ambako raba zetu zilibaki uwanja wa ndege
na Kundaeli akacheza na za kuazima, vidole vimekunjwa,
manjano.
Hata marudiano ya Bujumbura, hapa hapa, mbele ya mama zetu.
Machi ilikuja barua: ada ya msimu ujao, kwa dola.
Kocha aliisoma mara moja, akaikunja ndogo sana.

Juzi Haikaeli, mke wa Elinami, amepita shuleni.
Ile ya waridi ilifuliwa ndani ya ovaroli,
imebaki donge kama ugali wa jana.
"Mwalimu, hebu mwandikie nyingine.
Tangu jana hajala vizuri."

Nakala haiandikwi mara ya pili, nilimwambia.
Akakaa tu, mkoba mapajani.
Basi nikachukua karatasi, kalamu nyeusi,
majina, faulo, robo moja baada ya nyingine,
mpaka nikafika kwenye ile tisa.

Nimeijaribu mara kumi na moja.
Inatoka imenyooka.